Bado Nipo, Dada

Fundi cherehani alianzia arobaini na mbili.

Alikuwa amelazwa chali juu ya meza ya upasuaji, ngiri yake imefunikwa shuka la kijani, mkono wa kushoto umenyooshwa juu ya ubao, sindano imeshaingia mshipani. Mtoa nusukaputi alisimama upande wa kichwa, bomba mkononi, akamwambia yale yale aliyowaambia watu kwa miaka kumi na sita.

"Haya fundi, hesabu. Anzia moja, nenda mbele mpaka nikwambie basi."

"Arobaini na mbili," akasema fundi. "Arobaini na tatu."

"Nimesema moja, fundi. Hapa hatupimani viuno."

Fundi akatabasamu kama mtu anayechekea utani wa chumba cha jirani, akaendelea. Arobaini na nne. Arobaini na tano. Alipofika arobaini na nane akalamba midomo, akasema, "Nasikia kitunguu saumu," akalala.

Wauguzi walicheka. Mtoa nusukaputi naye alicheka, ila kicheko chake kilifika kwenye barakoa kikaishia hapo.

Kitunguu saumu hakikumtisha. Dawa ile huja kwenye kichupa, unga mkavu wa njano. Unatia maji, unatikisa, unavuta kwa bomba. Ina salfa ndani yake, na wagonjwa wengi huonja kitunguu saumu kooni sekunde chache kabla giza halijawafunika. Kutoka mshipa wa mkono mpaka ubongoni, kwa mtu mwenye damu ya kutosha, ni safari ya nusu dakika tu. Ndiyo kazi ya kuhesabu: wenyewe wanaona wanafanya jambo, na wewe unajua dawa imefika wapi. Wengi huishia kumi, wabishi kumi na tano. Hakuna aliyewahi kuhitaji kuambiwa basi. Usingizi uliwaambia wenyewe.

Lililomtisha ni kwamba arobaini na mbili ndiyo namba inayofuata arobaini na moja, na duniani kote ni yeye peke yake aliyejua nani aliishia arobaini na moja.

Kazini walimwita Nusu. Jina la kazi yake ni refu, na watu wa chumba cha upasuaji hawana subira na majina, kwa hiyo walilikata mkia. Mwanzoni alikasirika, kisha akaacha. Jina la utani ni kama mafua, ukilipigania ndiyo unalisambaza.

Mgonjwa wa pili asubuhi hiyo alikuwa mwalimu mstaafu aliyefundisha hesabu tangu Nusu hajazaliwa. Nusu alimwambia aanzie moja, akalitamka neno "moja" taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia.

"Arobaini na tisa," akasema mwalimu. Halafu akageuza macho kumtazama, na sauti yake, iliyokuwa imekwaruzwa na chaki ya miaka arobaini, ikawa laini, ya kuomba radhi. "Hamsini, dada. Bado nipo."

Pamba ilimponyoka Nusu. Mzee yule dakika mbili kabla alikuwa akimwita "binti".

*

Wiki tatu nyuma waliletewa mwanamke wa miaka thelathini na ushei. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi, mrija umepasuka, tumbo limejaa damu. Ngozi yake ilikuwa baridi kama ya samaki, na mapigo ya mkononi ukiyatafuta unayapata, ukiyahesabu yanakukimbia. Alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi. Walipomhamishia mezani alisema, "Samahanini jamani, nawachafulia shuka."

Aliyemwaga damu kiasi hicho, ile iliyobaki hutembea kama mzee anayepanda ngazi. Dawa inayofika kichwani kwa nusu dakika, kwake inaweza kuchukua dakika nzima na ziada. Na moyo wake hauna nguvu ya kubeba kipimo cha mtu mzima. Hilo linafundishwa mwaka wa kwanza: mpe kidogo, kisha usubiri. Hata ukiona hakuna kinachotokea, subiri. Nusu mwenyewe alikuwa akiwafundisha wanafunzi hivyo, kidole juu, kama bibi anayeonya kuhusu kisima.

Alimpa kidogo. Akamwambia ahesabu mpaka atakapoambiwa basi.

Mama yule akahesabu. Kumi, ishirini, macho wazi. "Thelathini, dada," akasema, kwa aibu ya mgeni anayewachelewesha wenyeji kulala. "Bado nipo."

Daktari mpasuaji, ambaye kwa haraka zake walimwita Chapchap, alikuwa ameshashika kisu. "Nusu, huyu anamwagika. Mbona yuko macho?"

Nusu akaongeza. Bomba la pili, lililokuwa pembeni kwa tahadhari tu. Dawa ya kwanza haikuwa imeshindwa kazi, ilikuwa njiani. Ya pili ikaifuata, zikafika kama mtu na nduguye, na mama yule akasema "arobaini na moja" akanyamaza. Moyo wake ulinyamaza muda mfupi baadaye. Waliupigania dakika hamsini.

Ripoti iliandikwa: kuvuja damu kupita kiasi. Haikuwa uongo, ilikuwa kweli iliyokatwa mguu. Uongo ulikuwa kwenye karatasi ya Nusu, kwenye mstari wa dawa, alipoandika bomba moja.

Mumewe alikuwa akisubiri mlangoni, fundi friji, bisibisi bado imechomekwa mfukoni mwa shati. Hakulia. Aliuliza swali moja: "Ningemleta saa moja kabla, angepona?"

Nusu alijibu, "Tulijitahidi sana, kaka."

Hilo si jibu. Lakini mtu mwenye msiba hupokea chochote anachopewa, na fundi friji alilipokea kama ndiyo. Akatingisha kichwa taratibu, akaenda kutafuta wa kuwapigia simu.

*

Hesabu ilipanda. Kila aliyelala aliacha namba mahali, na aliyefuata akaiokota, hata kama alitoka upande wa pili wa mji na hakujua nani alimtangulia. Kila ilipofika kumi nyingine, mwanaume au mwanamke, mzee au kijana, sauti ililainika: bado nipo, dada. Chapchap aliona ni mchezo wa wagonjwa wodini. "Wanaambizana," akasema. "Watu wakikosa televisheni hutafuta la kufanya."

Nusu akawakataza wasihesabu. Alimwambia bibi mmoja wa mtoto wa jicho ataje wajukuu zake. Bibi akataja watatu kwa furaha, akameza mate, akasema, "Mia mbili na sita."

Chumba cha kuzindukia kilikuwa cha rafiki yake, muuguzi mpana wa mwili mwenye sauti ya kunong'ona hata akiwa sokoni. Siku hiyo alimvuta Nusu nyuma ya pazia.

"Mwenzangu, kuna nini huko ndani kwenu? Wanaamka wanalia."

"Watu huamka wakilia. Ni dawa."

"Hawaumwi. Nawauliza, wanasema wanamwonea huruma mama. Mama gani? Mama aliyeketi kwenye benchi, kwenye ukumbi mrefu, anahesabu. Wote benchi hilo hilo. Wanasema kila mtu akipita anamuuliza, 'Samahani, hamjasikia kama nimeambiwa basi?'"

Nusu alishika nguzo ya kutundikia dripu. Ilikuwa na magurudumu, ikamkimbia.

"Si dawa ikitoka mwilini na hayo mambo yanatoka?" akauliza muuguzi.

"Haitoki." Alijisikia akijibu kwa sauti ya darasani. "Hapo ndipo watu hawaelewi. Mtu akizinduka baada ya dakika kumi, dawa bado imo yote. Imehama tu. Inaondoka ubongoni inaenda kukaa kwenye nyama, kwenye mafuta. Ini linaitoa polepole, mpaka kesho yake."

"Kwa hiyo wanaondoka nayo."

"Wanakwenda nayo nyumbani, wanalala nayo."

Muuguzi akajifunga kanga ya mabega vizuri, ingawa chumba kilikuwa na joto. "Basi badilisha dawa, ndugu yangu. Mimi nina watoto."

Akabadilisha. Ilikuwepo dawa nyingine, nyeupe pe kama maziwa kwa sababu imechanganywa na mafuta ya soya, dawa ya kisasa, isiyo na salfa wala harufu ya kitunguu, na Nusu aliivuta kwenye bomba kwa mikono iliyotulia kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akamwambia kijana wa mfupa uliovunjika afumbe macho tu, asiseme neno, asihesabu, asitaje mtu, na kijana akafumba macho na kunyamaza kama alivyoagizwa, dawa nyeupe ikateleza mshipani, sekunde tano, kumi, kumi na tano, chumba kizima kimya isipokuwa mashine ya mapigo, na Nusu alikuwa ameanza kushusha pumzi pale harufu ilipoingia, si kutoka kwa kijana wala kwenye bomba bali kutoka nyuma yake, harufu ya kitunguu saumu kilichopondwa sasa hivi, nzito, ya karibu, kama mtu aliyekula amesimama begani pake akisubiri kwa adabu amalize kazi, na bila kufumbua macho kijana akasema, "Mia nne na tisini, dada. Bado nipo."

Muuguzi wa vifaa, mwanamke aliyeona viungo vikikatwa bila kupepesa, aliweka koleo chini, akatoka, na hakurudi siku hiyo.

*

Jumapili, saa sita mchana, wakati hakuna upasuaji, muuguzi wa kuzindukia alimleta shangazi yake. Mama huyo alitoa majini kwenye nyumba za watu, na alikuja na mkoba wa kazi kama fundi bomba. Nusu, mwanamke wa chuo kikuu, aliyewahi kuandika karatasi ndefu juu ya imani na tiba, alimfungulia mlango wa chumba cha upasuaji na kumpa viatu vya plastiki avae.

Shangazi alizunguka mara moja. Alinusa meza. Hakufungua mkoba. Aliketi kwenye kigoda cha Nusu, upande wa kichwa.

"Nimetoa majini yenye kiburi," akasema. "Yanayotaka damu, yanayotaka marashi, lingine lilitaka redio. Huyu hataki kitu. Kaambiwa afanye jambo, analifanya. Sasa mtu wa adabu hivi mimi namfukuzaje?"

"Tufanye nini, shangazi?" akanong'ona muuguzi.

"Aliyemtuma ndiye wa kumwita." Alimtazama mpwa wake, kisha Nusu, akabakia kwa Nusu. "Nani alimwambia ahesabu?"

Nusu aliangalia sakafu. Vigae vilikuwa vyeupe, vikubwa, vya kuhesabika.

Shangazi alivua viatu vya plastiki akavipanga mlangoni. "Haya," akasema. "Mimi nimekuja, nimeona. Nauli mlishanipa."

*

Fundi friji aliletwa Jumanne. Kidole tumbo, siku mbili anakivumilia, sasa kimekaribia kupasuka. Nusu aliliona jina kwenye faili kabla hajamwona mtu, akafikiria kusingizia kuumwa. Mtoa nusukaputi mwingine alikuwa wilaya ya jirani, na kidole tumbo hakingojei mtu kupata ujasiri.

Alikuwa amekonda. Alimtambua Nusu papo hapo, akatabasamu kwa maumivu.

"Dada. Wewe ndiye uliyekuwa na mke wangu."

"Ndiye mimi, kaka. Mbona umekaa na tumbo siku mbili zote?"

"Nilikuwa na kazi." Akanyoosha mkono afungwe kipimo cha presha. "Si kweli. Niliona na mimi nisubiri kidogo, nijue inakuwaje. Siku ile alinipigia simu mara tatu. Nilikuwa natia gesi kwenye friji la mtu. Nikamwambia namalizia. Mke wangu si mtu wa kusumbua, unajua? Akipiga mara tatu ni kwamba anakufa. Mimi nikamalizia gesi."

"Kaka..."

"Mwanangu mkubwa hanisemeshi. Namwelewa. Hata mimi sijisemeshi." Alijaribu kucheka, tumbo likamkataza. "Wewe ulikuwa muungwana. Hukutaka kuniambia moja kwa moja."

Nusu alifungua mdomo. Mlango ukasukumwa, Chapchap akaingia mikono juu, inachuruzika maji. "Tuko tayari, Nusu? Kitapasuka hiki."

Bomba lilikuwa mkononi mwake. Damu ya mtu huyu ilikuwa ya kutosha, mapigo mazito. Alisukuma dawa.

Hakumwambia ahesabu. Hakumwambia lolote.

"Mia sita na kumi na tatu," akasema fundi friji.

Harufu ilikuja hata kabla ya namba ya pili. Taa kubwa ya juu haikufifia, mashine haikubadili mlio, hakuna kilichoanguka. Ilikuwa mchana mweupe na watu watano wenye vyeti vyao, na kila mmoja wao alihisi kuwa chumbani wamo sita. Kumi na nne. Kumi na tano. Mdomo ulikuwa wa mwanaume mwenye ndevu za siku mbili, lakini kupumzika baada ya kila namba, ule uangalifu wa kutomsumbua mtu, Nusu aliujua. Kumi na nane. Kumi na tisa.

"Mia sita na ishirini, dada," akasema kwa upole wote wa duniani. "Bado nipo."

Nusu aliinama mpaka barakoa yake ikagusa sikio la mgonjwa.

"Basi, mama," akasema. "Basi. Umehesabu vizuri. Mimi ndiye sikusubiri. Pumzika."

Fundi friji alishusha pumzi, ndefu, iliyoonekana kutoka mbali sana. Midomo ikaunda neno, huenda asante. Kisha akalala usingizi wa kawaida wa mtu aliyelishwa dawa, na harufu ikaondoka chumbani kama mtu anayefunga mlango taratibu ili asiwaamshe wenye nyumba.

"Unaongea na nani?" akauliza Chapchap.

"Na mgonjwa wangu."

Chapchap alimtazama juu ya barakoa, muda mrefu kuliko kawaida yake. Alikuwa ameyasikia maneno yote. Akaomba kisu.

*

Kazi ilipokwisha Nusu alimsukuma fundi friji mwenyewe hadi chumba cha kuzindukia, akaketi kando ya kitanda. Rafiki yake alimletea chai, akaelewa, akarudi kwenye faili zake.

Baada ya muda fundi friji alifumbua macho nusu.

"Kaondoka kwenye benchi," akasema, ulimi mzito. "Kafurahi. Akaniambia nikuulize kitu."

"Kitu gani, kaka?"

"Bomba la pili lilikuwa la nini?"

Alilisema kama mtoto aliyetumwa dukani, asiyejua anachoagiza. Kisha macho yakajifunga.

Nusu aliijua dawa yake. Mtu anayezinduka husema mengi na hayashiki. Angekaa hapo nusu saa, anywe chai yake, na swali lingefutika lenyewe kwenye kichwa cha huyu mtu. Lingehama tu, lingekwenda kukaa kwenye nyama na mafuta ya nani, hilo nalo alilijua.

Alisubiri. Chai ikapoa. Hakumtikisa, hakumwita, hakumharakisha. Rafiki yake alikuja mara mbili kupima presha akaenda zake. Jua lilihama kutoka kitanda cha kwanza hadi cha tatu. Hatimaye fundi friji akafumbua macho yote mawili, akatazama dari, akamtazama yeye, akauliza saa, akauliza kama mwanawe amefika. Alikuwa amefika, yuko nje, amekataa kuketi.

"Kaka, hebu nihesabie kidogo. Nione kama umeamka sawasawa."

"Moja," akasema fundi friji. "Mbili. Tatu. Nne." Akakunja uso. "Niendelee?"

"Basi. Inatosha."

"Nimeropoka sana? Watu wanasema mtu huropoka."

"Uliniuliza swali."

"Swali gani? Mimi sikumbuki kitu."

Nusu aliivuta barakoa ikashuka shingoni, ili fundi friji amwone uso. Alimwita rafiki yake amfungulie mlango mtoto aliyekuwa nje naye aje asikie. Alisubiri mpaka kijana alipoingia na kusimama ukutani, mbali na baba yake, mikono nyuma. Ndipo alipofungua mdomo, na kooni mwake mwenyewe, ingawa hakuwa amedungwa na mtu, ladha ya kitunguu saumu ilipanda, kali, ikakaa juu ya ulimi.

"Mama yako," akaanza, "alipofika thelathini, aliniambia bado yupo."